Alama ya Kuuliza, Kituo cha Nne

Saa kumi na mbili na robo, Dunga.
Maji yana rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.
Ogweno anazima injini kabla hatujafika
ili boti ijiendee yenyewe,
tusije tukalitimua tope tulilokuja kulijulia hali.

Nashusha koleo la chuma kwa kamba yenye mafundo,
fundo moja, mita moja.
Fundo la tatu, kamba inalegea kiganjani.
Navuta.

Leo hatupimi maji.
Maji ni mgeni: huja, husifiwa, huondoka na upepo.
Tope ndilo mwenye nyumba, nalo halisahau.
Povu la waosha magari, mafuta ya gereji,
choo cha mji uliokua ukayapita mabomba yake,
vyote huteremka na mto Kisat polepole, kama riba,
vikaja kulala hapa, tabaka juu ya tabaka.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni, walisema.
Za sakafu hii zilianzia ukingoni.

Nasambu, mwanafunzi wetu kutoka Kimilili,
anachekecha huku amekunja suruali hadi magotini.
Kituo cha kwanza, kando ya mafunjo:
kome wawili, konokono sita, ruba mmoja mwenye hasira,
na matunutu wenye mikia mitatu,
watoto wa mdudu ambaye akikomaa huishi jioni moja,
hana hata mdomo wa kulia.
Atafunge ndoa, atage, afe.
Mwenye muda mfupi hivyo hachagui nyumba chafu.

Kituo cha nne, mdomo wa Kisat.
Tope jeusi, harufu ya yai viza.
Minyoo wekundu: mia nne na kumi na wawili.
Nimewahesabu mmoja mmoja, kwa kibano, shingo ikiniuma.
Wekundu wao ni damu, kama yangu,
damu inayoweka akiba ya pumzi pale pasipo na pumzi.
Siwadharau. Ndio wapangaji waliobaki
wenzao walipofungasha.

Bwana mmoja wa kaunti aliwahi kuniambia:
Mia nne! Basi ziwa li hai.
Nikamwambia, nzi wakijaa nyumbani
si lazima pawe na harusi.
Hakucheka. Aliandika kitu.

Sasa, katika sinia jeupe, kati ya wale wekundu,
kitu kinatambaa.
Mikia mitatu.
Matamvua ubavuni yanapepea kama pazia la mtu aliyefika leo.
Miaka tisa nimekuja kituo cha nne.
Miaka tisa safu hiyo ni sifuri, sifuri, sifuri.
Ogweno anainama, jasho lake linadondokea sinia.
"Amerudi," anasema, kana kwamba ni jirani.

Nami nataka kusema amerudi.
Nakwambia, nilitaka hadi masikio yakawasha.

Lakini namtazama Nasambu,
naye anatazama chekecheke.
"Uliliosha, baada ya Dunga?"
Kimya. Boti inagongagonga gugumaji.
"Niliosha," anasema. Kisha: "Nadhani."

Simlaumu. Hata mimi, mwaka wangu wa kwanza,
nilikuwa na nadhani nyingi kuliko chupa.

Jioni, ofisini. Jedwali lina nafasi ya nambari tu.
Naandika 1?
Mashine inalia, inafuta.
Naandika 0, na mkono unaona haya.
Naandika 1, na mkono unaona haya zaidi.
Naiacha safu tupu. Natoa daftari la zamani,
lenye madoa ya spiriti na kurasa zilizovimba,
na kwa penseli, pembezoni, naandika:
mmoja, hai, huenda alisafiri nasi.

Kesho, Ogweno. Saa ile ile.
Chekecheke nimelisugua mwenyewe, mara tatu,
nimelianika dirishani.
Anga la Kisumu linapita kwenye matundu yake
na hakuna kinachonasa.