Injini Ikiwa Wazi

Wameifungua Jumanne, gereji ya wakala, barabara ya Pongwe.
Silinda hedi imelazwa juu ya turubai
na fundi Singano ananiita kwa kidole chenye oili:
"Bi Saumu, njoo utazame mwenyewe."

Natazama. Naona chuma. Naona maji yalipita pasipo njia,
yakaacha kutu rangi ya chai ya maziwa.
Gasketi ni juu ya kampuni, hilo halina ubishi,
kitabu kinasema na mhuri umegongwa.
Ila dhamana, ananieleza kijana wa kaunta
mwenye tai na kalamu tatu mfukoni,
inalipa kilichovunjika.
Kitakachovunjika ni chako.

Nimewahi kumwekea mtu dhamana, polisi Chumbageni.
Nilidhani neno hilo nalijua tabia.

"Sasa," anasema Singano, "pampu ya maji hii hapa, mkono unaifikia.
Ikifa mwezi wa nane tutafungua haya yote tena,
na siku hiyo ufundi utalipa wewe.
Kipozea oili hivyohivyo. Na hizi bolti
zikishavutwa mara moja hazina imani ya pili.
Tabo..." anaizungusha kwa kidole, anasikiliza,
"tabo siwezi kukuapia."

Pampu, laki sita na arobaini.
Bolti, laki moja na themanini.
Kipozea, laki tisa. Ya tabo asinitajie.
Dhamana imebakiza siku kumi na tisa.
Kwenye simu nina milioni moja na laki mbili,
na hela hizo zina jina: bati za nyumba ya Mikanjuni,
geji ishirini na nane, nyekundu, kabla ya vuli.

Kaka yangu Mhando anapiga kutoka Handeni:
"Kizima hakitibiwi. Hao wanauza spea."
Huenda. Nimemuuliza Singano kama anapata chochote.
Kacheka, kaniambia nimtazame viatu.

Na msinitolee methali ya ufa na ukuta.
Ukuta huo nimeujenga, risiti ninayo.
Lori la kwanza, lile la bluu, kilima cha Michungwani, saa nane mchana.
Tani saba za machungwa ya Muheza
zikakaa siku nne zikingoja injini ya mtumba.
Siku ya pili yalinukia. Siku ya tatu yakanuka.
Shemweta, dereva, akayagawa kwa wapita njia
kwa haya, kama anayegawa nguo za marehemu.

Lakini pia nimewahi kung'oa kisichoumwa:
klachi nzima, Korogwe, kwa kuwa fundi alijua kuongea.
Ile ya zamani hadi leo inavuta lori la mtu mwingine.
Nalipishana nalo Segera. Dereva wake hunipungia mkono.

Nakaa juu ya tairi.
Bati zinangoja mvua. Pampu haingoji, au inangoja,
hilo silijui, Singano halijui,
na kompyuta waliyoichomeka kwenye injini haijui,
ingawa imeandika kurasa tatu.

Nasema: pampu. Na bolti.
Kipozea kioshwe kirudi.
Tabo aiapie aliyeiunda.
Singano anaitikia kwa kichwa; hasifu, halaumu,
anatafuta spana namba kumi na saba.

Pampu ya zamani naiomba, ananifungia kwenye gazeti.
Ndani ya bajaji naifungua, naizungusha:
laini, haina mlio, haina hata tone.
Nikaizungusha hadi Mikanjuni
nikiitafutia ugonjwa.

Ijumaa ya pili yake Shemweta anapiga.
"Niko juu ya Michungwani. Na mzigo."
"Mshale?"
"Katikati."
"Na nini kingine?"
"Hakuna kitu, bosi."

Nikamwambia arudie.