Chumba Namba Tisa

Jumatano tu. Siku nyingine mlango una kufuli,
na anayezidiwa na kichwa siku ya Ijumaa
akakae nacho mpaka Jumatano.

Kwa hiyo tuliondoka Kitangari alfajiri, Asumini,
ukungu umetulalia mabegani kama kanga mbichi,
wewe na kandambili mbili zisizofanana,
mimi na elfu kumi na tisa za kikoba
nimezifunga kwenye pindo, fundo juu ya fundo.
Nilimwambia mweka hazina ni za salfa ya mikorosho.
Mungu anisamehe. Salfa nayo ni dawa.

Mama yako alikwishauza mbuzi wawili
kwa yule bwana wa Mkunya aliyekufukiza siku saba,
akasema jini lako la kike, linataka hariri.
Sikumcheka. Nilitamani liwe jini.
Jini hupewa kitambaa likaenda zake.
Hili lako halikutaka kitu.
Lilikukalisha kizingitini msimu mzima,
korosho zikaanguka, zikaota palepale chini ya miti yenu,
na siku ile niliyokukuta Shimo la Mungu
unautazama Ruvuma kule chini kama mtu anayesoma bei,
ukaniambia, "Napunga upepo tu,"
ndipo nilipoanza kuuliza.

Niliuliza zahanati: wakanipa panadoli.
Niliuliza duka la dawa la stendi: kijana akataja bei
huku anatafuna.
Kwa mwezi, kilo nane za korosho daraja la kwanza,
na chama hakijatulipa toka Novemba.
Nikamuuliza Bisharifa anayefua mashuka ya wodi,
hana koti jeupe, hana hata kiti,
akanijibu huku anakamua:
"Kuna msamaha. Usiondoke bila karatasi.
Nenda ustawi wa jamii kabla ya saa nne.
Wakikwambia rudi kesho, kaa chini, fungua chapati."

Tulikaa chini. Nilifungua chapati.
Yako uliishika kama barua ya mtu mwingine.

Bwana wa ustawi akauliza, "Wewe nani wake?"
Tulinyolewa kwa wembe mmoja, mwaka mmoja wa unyago,
lakini fomu haina nafasi ya wembe.
Nikaandika: dada.
Muhuri ulikuwa umekauka wino.
Akaupumulia, haa, akagonga tena.
Sijawahi kuipenda pumzi ya mwanamume namna ile.

Chumba namba tisa kiko nyuma ya dobi,
ili watu wasikuone, au ili wao wasituone, sijui.
Muuguzi Chikawe hakuuliza habari za jini.
Aliuliza unalala saa ngapi,
na kitu gani ulikuwa ukikipenda.
Ukanyamaza mpaka nikataka kukujibia,
akaniinulia kidole bila kunitazama.
"Kusuka ukili," ukasema.
Miezi mitano sikuwa nimeisikia sauti yako
ikitoka yenyewe, bila kuvutwa.

Dawa ya kwanza ipo, bure.
Ya pili hakuna, tangu Ramadhani hakuna, likasema dirisha.
Basi mafundo yakafunguka, moja, jingine,
yakanunua siku ishirini na mbili.
Hizo nane zilizobaki tutajua.
Nina kuku wanaotaga. Nina mdomo.

"Haitakuwa kama panadoli," alisema Chikawe.
"Wiki mbili, tatu. Msichoke kabla yake."
Kisha akanigeukia: "Na wewe, unalala?"
Nikajifanya natafuta kanga yangu.

Vidonge nimevitia kwenye kopo la kahawa,
nimelitundika juu, mbali na watoto, na mbali nawe, nisamehe.
Kila jioni nakuletea kimoja na kikombe cha maji,
maji yangu, maana hapa kwetu ndoo inanunuliwa.
Unameza. Unafungua mdomo nione.
Hatuzungumzii.

Leo siku ya kumi na moja. Hujacheka.
Mlangoni hujatoka.
Ila umetafuna kipande, umekunja uso,
umesema chapati zangu zimezidi chumvi, siku zote zimezidi,
na nimerudi nyumbani gizani nikitembea kwa maringo,
mwanamke niliyetukanwa mapishi.