Mlango Namba Kumi na Tisa

Mlango wa jikoni kwangu umetundikwa kichwa chini.
Mgeni akiuliza, nasema ni bawaba za zamani.
Si kweli. Hauna hata bawaba,
una kamba ya mkonge na matundu mawili
aliyoyatoboa babu kwa msumari wa moto.

Mwaka ule karani alipanda Mnyambe na kopo la lami,
akaandika namba kila mlango:
wa mke mkubwa, wa mke mdogo, wa mjane,
na wa banda la mbuzi, maana nalo lilikuwa na mlango.
Shilingi sita kila mmoja.
Muhogo ulikuwa umeoza, ufuta hauna bei,
na maji yenyewe waliyanunua kwa magoti,
kushuka bondeni alfajiri, kupanda na mtungi adhuhuri.

Somoe binti Nantanga, mjane,
akasema, huku anachambua choroko:
"Mimi sidaiwi. Nimemsikiliza vizuri.
Unaodaiwa ni mlango. Basi na uende ukalipe."

Usiku wakaifungua, kamba kwa kamba.
Milango sitini na mitatu
ikashika njia ya boma la Newala juu ya vichwa vya watu.
Nyuma, watoto wakalazwa darini penye mahindi,
maana chui hasomi namba.

Bwana Shauri akatoka na kikombe mkononi.
"Kiongozi wenu nani?"
Wakamwonyesha milango,
imelazwa uani, moja hadi sitini na tatu,
hakuna uliokosa.
Karani akafungua daftari:
Jina. Nyumba. Shilingi.
Akatafuta safu ya kuandikia mbao.
Askari akainua kiboko, akakishusha;
namba arobaini ulikuwa wa mama yake.

Siku nne walikaa. Hawakutukana, hawakuimba.
Walitafuna njugu mawe. Mvua ikanyesha, mbao zikavimba.
Siku ya tano: ondoeni takataka zenu.

Wakarudi nazo, na kila mtu, bila kuambizana,
akautundika wa kwake kichwa chini.
Karani alipokuja tena, 19 ilikuwa 61, 6 ilikuwa 9.
Nane peke yake ilikataa kusema uongo,
mzee Chitanda akaipaka matope.

Sikudanganyi kwamba walishinda.
Mwaka uliofuata waliacha nyumba, wakahesabu vichwa,
na kichwa hakifunguki kamba.
Babu alikwenda kukilipia chake kwenye mkonge, Lindi,
akarudi na kikohozi.

Juzi fundi wa mabati alitaka kuugeuza.
Nilimzuia na mwiko mkononi, ugali ukimdondokea kiatuni.
Asubuhi, nikiinama kuchochea moto,
naisoma vizuri:
kumi na tisa.