Ghorofa ya Tatu, Mwanjelwa

Dalali Mwakyoma alinileta Jumapili alfajiri,
saa ambayo hata mbwa wa Mwanjelwa wamelala.
"Sikiliza, mama," akasema. "Kimya kama kilele cha Loleza."
Nikanyamaza. Nikagusa ukuta, nikafungua bomba:
likakohoa mara mbili, likatema kutu.

Ijumaa jioni nikarudi peke yangu,
nikakaa ngazini na daftari la madeni ya mchele.
Nikaandika: fundi mageti, cheche na grenda.
Spika mbili za maombi, moja imepasuka.
Bajaji. Bajaji.
Muuza sumu ya panya na kipaza chake
kinachorudia neno lilelile mpaka panya wenyewe wachoke.

Jumatatu nikamsomea mwenye nyumba, mstari kwa mstari,
uso nimeukunja kama naumwa jino.
Milioni tatu zikadondoka.

Hati sasa iko ndani ya debe la mchele.
Hawakuniuliza nilizaliwa wapi:
chumba cha nyuma, mashine ya kusaga, Uyole,
baba akisaga hadi usiku wa manane,
ukuta ukitetemeka mgongoni mwangu
kama kifua cha mama wa pili.

Kule Iwambi kimya kilinikesha miaka tisa.
Leo, na baridi yote hii,
nimeacha dirisha wazi.
Grenda inalia.
Nasinzia.