Imeganda

Shangazi Urve, Tartu, ghorofa ya nne,
huficha nywila zake kwenye friza:
daftari ndani ya mfuko wa nailoni
chini ya uyoga wa Septemba.

Nimemhubiria mara ngapi!
Shangazi, ipo programu ya kutunza haya,
kufuli moja, ufunguo mmoja.
Hunitazama kama mtoto aliyemwaga uji.
"Mmoja? Na ukipotea, nilale nje?"

Kompyuta yake ina miaka kumi na mitatu.
Ikiwashwa hukohoa,
naye huenda kumenya viazi mpaka iwe tayari.
Mpya ya nini?
"Barua zinafika. Mnataka zifike mara mbili?"

Januari akapigiwa simu.
Sauti laini, eti ya benki:
fedha zako zi hatarini, mama, taja namba ya siri.
"Ngoja," akasema, "imeganda."
Akachukua kisu cha mkate, akaanza kugongagonga barafu,
simu kaibana begani,
akimsimulia mgeni habari za uyoga, za magoti,
za marehemu Endel aliyechomoa waya wa friza
ili achaji wembe wake.
Dakika ishirini.
Mwizi akakata.

"Kijana hana adabu," alinilalamikia. "Hata kwaheri!"

Nilicheka, kisha nikanyamaza.
Mimi fundi, mwenye kufuli la uso na la kidole,
Novemba niliitaja yangu kwa pumzi moja
nikiwa kwenye foleni ya kahawa.

Sijamwambia.
Jana nimenunua daftari.
Tatizo, friza yangu ni mpya:
haigandishi.