Karabai Mbili, Huenda

Mwezi umeisha. Kutoka kibarazani kwangu Bwiru
ziwa halionekani, zinaonekana taa.
Wavua dagaa wametoka na sola zao,
ingawa mama hadi leo anaziita karabai.
Giza hili ni lao. Ni langu pia.

Umeme umekatika tangu saa mbili.
Kompyuta imebaki na asilimia kumi na tisa
na picha kutoka darubini ambayo sitaigusa maishani:
galaksi mbili zimeparamiana,
mikia yao ya nyota imechanika
kama wavu uliokwama mwambani,
na katikati, doa.
Wiki ya tatu sasa naliuliza doa hilo:
uko peke yako, au mko wawili?

Ng'washi wa nyumba ya pili kaja kuchaji simu.
Akakuta hata mimi sina, akaketi,
akatazama kioo, akauliza ni ugonjwa gani.
Eksirei anazijua. Za Bugando: kifua cha mumewe
juu ya ubao wa mwanga, daktari kanyamaza.
Nikasema, hii nayo ni eksirei,
ila hatumtafuti mgonjwa. Tunatafuta walaji.

Ile taa ya mwisho kabisa kule, ni ngapi?
"Moja."
Ngoja.
Mtumbwi ukageuka, au wimbi likausogeza,
taa ikapasuka katikati.
"Kumbe zilikuwa mbili?"
Muda wote. Macho yetu ndiyo mafupi.

Kisha wadudu wa ziwa wakapanda majini kama moshi,
zote zikafutika, nami nikashangilia peke yangu:
hivi! Hivi ndivyo vumbi linavyowaficha,
galaksi zinapogongana ndipo wanaposhiba,
na wanaposhiba ndipo vumbi linapowafunika.
Shimo lenyewe ni jeusi, halionekani.
Kinachowaka ni chakula kabla hakijamezwa,
kinazunguka mdomoni, kinasuguana, kinang'aa.

"Kwa hiyo mwenyewe hamjawahi kumwona.
Mnaona sahani yake."
Sijasoma popote maelezo bora kuliko hayo.

"Na hao wawili watakutana?"
Watakutana. Wanazungukana, wanakaribiana,
kwa miaka ambayo haina kalenda.
Nuru hii ilipoanza safari
Jiwe la Bismarck lilikuwa limeshazeeka,
ziwa halijawa hata tope.
Ng'washi akafunga khanga yake vizuri.
"Basi labda walishakutana," akasema, "na habari iko njiani."
Akaenda kulala.

Umeme ulirudi saa kumi.
Nikahesabu chembe za nuru moja moja,
kama mtu anayehesabu dagaa badala ya kuwapima kwa ndoo:
kumi na saba kushoto,
kulia tisa,
katikati yao pengo jembamba la kutilia shaka.

Nikaandika daftarini: wawili, huenda.
Nikafuta huenda.
Nikanywa chai iliyopoa.
Nikairudisha.