Jina Lake Lina Kitenzi

Darasa letu ni mabanzi juu ya mawe meusi,
pale Majengo, nyuma ya kinu cha unga.
Jioni, dola tano kwa mwezi;
wengine hulipa tatu, mmoja hulipa samaki.

Somo la leo: mtenda, tendo, mtendwa.
Nimechora visanduku vitatu ubaoni.
Chaki iliyobaki ni fupi kuliko kucha.

Byamungu, msukuma chukudu, anainua mkono.
Mbona Waingereza wametawanya maneno hivi,
kama mzigo uliokatika kamba mteremkoni?
Sisi tunasema "nimekuona," tumefunga, tumeondoka:
watu wawili na saa yao ndani ya neno moja.
Wao wanataka maneno manne!
"Mwalimu, hawa hawana chukudu?"

Darasa linacheka, nami nacheka.
Kwao, namjibu,
kila gunia linatembea kwa miguu yake.

Halafu kile kineno "the".
Wanasema "ze", ukuta mzima unasema "ze".
Toeni ulimi kidogo, nawaambia, katikati ya meno.
Kavugho anakataa katakata:
kwao mtu mwenye heshima
hamtolei mwalimu ulimi.

Nikageukia ubao. Ndipo aliposema yule mama wa benchi la nyuma,
muuza sambaza wa Kituku,
harufu ya ziwa bado imo kwenye kitenge chake.
Miezi miwili nimemwita kila jioni
bila kulisikia jina lake.
Sikujua.
"Mwalimu, na mimi niko na kitenzi?"

Nikaandika jina, nikalipasua kwa chaki:
"si" ni mimi, pamoja na hapana yangu,
"ku" ni zamani,
"jua" ni kujua.
Watatu, kiti kimoja.

Kisha kwa Kiingereza: "I did not know".
"Nne tena!" Byamungu alikuwa anahesabu.
Angalieni, nikasema, huyu "I" wa mbele,
anasimama wima, herufi kubwa,
hata ukimweka katikati ya umati.
Na huyu "did" ndiye amebeba zamani mgongoni,
kwa hiyo "know" anatembea mikono mitupu.
Msiandike "did not knew".
Mmoja akishaibeba zamani,
wa pili asibebeshwe tena.

Kila mtu akanakili.
Yeye hakunakili. Biki yake ilisimama hewani.
"Basi sentensi hii ina kosa," akasema.
"Asiyejua ni mama yangu.
Mimi nimebebeshwa tu."

Hakusema ni jambo gani mama hakulijua.
Hatukuuliza. Katika mji huu kuna maswali
mtu huyaacha nje pamoja na viatu,
na asubuhi anakuta yamejaa vumbi jeusi, hayajaibwa.

Nikafuta "I" kwa kiganja.
Nikaandika "She".
Neno hili, nikawaeleza, ni yeye,
lakini ni yeye wa kike;
yeye wetu hatuambii.
Sikujua akalitazama muda mrefu,
kama mtu anayetazama picha ndogo ya pasipoti,
akalinakili mara mbili,
la pili kwa mkazo, karatasi ikatoboka.

Umeme ukakatika kabla sijafika kwenye maswali.
Hakuna aliyeshtuka. Simu mbili zikawashwa,
ya tatu ikazimwa haraka, betri ni pesa.
Nikaita majina gizani, nijue nani nimwandikie hudhurio:

Byamungu. "Nipo."
Kavugho. "Nipo", na nadhani, gizani humo,
alikuwa anajaribu ulimi wake kwenye meno,
maana nilisikia "the" moja safi kabisa,
haina mwenyewe.

Sikujua.

Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati.
Nikaita tena.
"Nipo, mwalimu. Nilikuwa natafuta kitenzi."

Nikatia alama daftarini,
sijui iliangukia mstari upi.